Ghala Lisilo na Mlango

Msomaji, usidhani kuwa kwa Wamijikenda wa zamani msitu ulikuwa pori tupu. Ulikuwa ghala. Katika misitu ya pwani walichuma mabungo, ukwaju na mabuyu, wakachimba mizizi ya dawa. Mavuno ya shamba yalipopungua, mwitu uliwalisha. Sandarusi waliipeleka Mombasa kuiuza. Na katika karne ya 19 sandarusi ya pwani ilisafirishwa kutoka Unguja hadi Marekani, ikatengenezewa vanishi.

Lakini ghala hilo lilikuwa na walinzi. Katika misitu ya kaya, wazee walipiga marufuku kukata miti. Kwa sababu hiyo kaya kadhaa zimesalia, na mwaka 2008 UNESCO ilizitia katika Urithi wa Dunia.

Basi, waulize wazee wako majina ya mimea yao. Mti usiojulikana jina hukatwa upesi.