Gitaa la Mkono na Gitaa la Kiwanda: Nani Alikuwa Maskini?



Juzi nilikuwa harusini huku Uingereza, na meza yetu ikageuka baraza. Bwana mmoja akasema gitaa la umeme lililochongwa kwa mkono lina roho, na la kiwandani ni mbao na waya tu. Wote wakaitikia. Mie nikanyamaza, maana nilimkumbuka mjomba wangu wa Tanga. Leo nataka kuyasema niliyoyameza usiku ule, ila itabidi nianzie mbali kidogo.

Mwaka 1948, mji wa Downey, California, fundi Paul Bigsby alimtengenezea mwanamuziki Merle Travis gitaa la umeme lisilo na lile tundu la kutolea sauti. Gitaa la tumbo wazi, ukiliunganisha na amplifaya na kupandisha sauti, huanza kulia lenyewe kama filimbi. Mbao nzito hutuliza kelele hizo. Bigsby alifanya kazi kifundi khasa: gitaa moja moja, kwa mteja anayemjua kwa jina. Uzuri wake haukuwa na shaka, lakini ilibidi uwe na pesa, kisha usubiri zamu yako.

Si mbali na hapo, mjini Fullerton, alikuwapo Leo Fender. Huyu alifungua duka la kutengeneza redio mwaka 1938, na gitaa lenyewe hakujua kulipiga. Mwaka 1950 alitoa gitaa ambalo tangu 1951 linaitwa Telecaster. Mafundi wa jadi waliunganisha shingo na mwili kwa gundi, kazi ya ustadi wa miaka. Fender akafunga shingo kwa skrubu nne, basi. Hilo ni jicho la fundi redio: kilichoharibika unakitoa, unatia kingine, mteja anarudi kazini jioni ile ile.

Tusidhani kwamba kiwanda kile hakikuwa na mikono ya watu. Shingo nyingi za miaka ya 1950 zilisuguliwa na Tadeo Gomez, aliyekuwa akiandika TG kwa penseli kwenye kisigino cha shingo. Akina mama, wengi wao wenye asili ya Mexico, waliongoza kwa vidole waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu, kupata kile kinasa sauti cha sumaku kinachokaa chini ya nyuzi. Mkono ulikuwapo. Tofauti ni kwamba mkono huo haukumjua mteja.

Sasa tuvuke bahari tuje Feltham, magharibi ya London. Mwaka 1963 kijana wa miaka 16, Brian May, alitamani gitaa kama la Fender na nyumbani hakukuwa na pesa. Yeye na baba yake Harold, mtu wa mambo ya elektroniki, wakaamua kulitengeneza wenyewe. Shingo waliitoa kwenye mbao ya mahogani ya meko ya zamani, na matundu ya wadudu wakayaziba kwa njiti za kiberiti. Sehemu ya mwili ilitokana na meza kuukuu ya mwaloni. Springi zilikuwa za valvu za injini ya pikipiki, ncha ya mkono wa kutikisa nyuzi ilikuwa ya sindano ya kufumia, na alama za shingoni zilikuwa vifungo kutoka kikapu cha mama cha ushonaji. Vinasa sauti alijaribu kuvitengeneza mwenyewe, vikamsumbua, akaenda kununua vitatu vya kampuni ya Burns. Kwa hiyo hata gitaa hilo, linalosifiwa duniani kuwa ni la mkono, sauti yake inapitia kitu cha dukani.

Na hapa pana jambo linalotuhusu. Mwaka 1964, gitaa lile likikaribia kwisha, familia moja ya Kiparsi iliyotoka Unguja baada ya Mapinduzi ilihamia Feltham hiyo hiyo, mitaa michache tu kutoka kwa akina May. Kijana wao, Farrokh Bulsara, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1946, hakujuana na jirani yake wakati ule. Mwaka 1970 wakawa bendi moja, Queen, na ulimwengu ukamjua yule wa Unguja kwa jina la Freddie Mercury. Mwaka 2002 gitaa la meko lilipigwa juu ya paa la kasri ya Buckingham.

Sasa tazameni mambo yalivyopinduka. Gitaa la May lililozaliwa kwa ukosefu leo linanakiliwa viwandani, kuanzia kampuni ya Guild mwaka 1984 hadi kampuni ya May mwenyewe, inayotengenezesha nakala zake Asia. Na Fender je? Mwaka 1965 kampuni iliuzwa kwa CBS kwa dola milioni 13. Wapigaji wakaanza kulalamika kwamba ubora umeshuka, wakawa wanasaka yale ya zamani. Mwaka 1987 Fender ikaanzisha karakana maalumu ya mafundi wa mkono, na tangu miaka ya 1990 karakana hiyo inauza gitaa jipya lililochubuliwa rangi na kutiwa kutu makusudi, kwa maelfu ya dola. Kilichotengenezwa kwa mkono kwa sababu ya umaskini kinaigizwa na mashine. Kilichotengenezwa na mashine ili wengi wamudu kinaigizwa kwa mkono kwa ajili ya wenye nazo.

Ndiyo maana nilinyamaza harusini.

Mjomba wangu naye alikuwa fundi redio. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, madukani hakuna sabuni sembuse nyuzi za gitaa, alichonga gitaa la mninga. Nyuzi alizichambua kutoka waya wa breki ya baiskeli. Kinasa sauti alikifanya kwa sumaku ya kisikilizio cha simu, na amplifaya ilikuwa redio ya mbao. Mnajua pia kwamba bendi zetu kubwa za dansi zilimilikiwa na vyama vya wafanyakazi, jeshi, polisi na mashirika. NUTA Jazz ni mfano tu. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, na mpigaji akiacha kazi alitoka mikono mitupu. Mjomba alitaka chombo kisichodaiwa na mtu.

Je, gitaa lile lilikuwa na roho? Wallahi, lilikuwa na tabu. Masika yakiingia shingo inapinda na sauti zote zinahama. Aliandika barua ofisi moja, jina nitaliacha, akiomba kibali cha kuagiza nyuzi na vifaa ili awatengenezee wengine. Hakujibiwa. Nilipopata nafasi ya kusoma nje aliniomba seti moja tu ya nyuzi za kiwandani. Nikaahidi, masomo yakanimeza, nikazibeba mwaka wa nne. Nikakuta keshazikwa. Shingo ya gitaa ilikuwa imefanywa komeo la mlango wa jikoni. Zile nyuzi ninazo hadi leo, ndani ya bahasha yake.

Kwa akili na mikono sioni alichopungukiwa mjomba mbele ya yule fundi redio wa Fullerton. Alichokosa ni skrubu, waya, mkopo, na mtu wa kumjibu barua. Kwa hiyo tunaposifu kazi ya mkono tukiwa tumeshiba, tukumbuke kwamba wengi waliotumia mkono hawakuchagua. Walikuwa wakikitamani kiwanda.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mkienda nyumbani likizo, ulizieni magitaa ya namna hii yaliyobaki stoo na darini. Yapimeni, yapigeni picha, andikeni nani alitengeneza na kwa nini. Usiache mbachao kwa msala upitao, wazee walisema, na komeo letu tulishalitia moto zamani.

Penye kosa nisahihisheni.