Vitabu vya Ubatizo na Shina la Ukoo

Familia ya wakulima nchini Ujerumani ikitafuta mababu zake, huanzia parokiani. Tangu Mtaguso wa Trento ulipowaagiza maparoko waweke daftari mwaka 1563, hadi dola ya Ujerumani ilipoanza kusajili raia wake wote mwaka 1876, kumbukumbu ya mkulima ilikuwa mikononi mwa kanisa.

Desturi hiyo ilifika kwetu pia. Mapadre Weupe walianzisha misheni ya Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883, miaka miwili kabla ya Ujerumani kutangaza himaya yake. Nao wakaandika: jina, wazazi, msimamizi, tarehe.

Hata hivyo, nawaonya wanafunzi wangu. Mtu mzima, baada ya ukatekumeni wa miaka minne, aliingia kitabuni akiwa Yosefu au Maria. Jina la ukoo lingeweza kubaki nje. Asiyebatizwa hakuandikwa kabisa. Kimya cha kitabu, basi, si ushahidi kwamba ukoo haukuwapo, na wala kisitumike hivyo katika shauri la mirathi au ardhi.

Kitabu kisomwe mbele ya wazee, jina kwa jina, nao waseme Yosefu huyu alikuwa nani. Kanuni ya 535 ya Kanisa inataka vitabu vya kale vitunzwe kwa uangalifu. Serikali, ambayo ofisi zake hupokea vyeti vya ubatizo, isaidie kuvinakili. Mzee akizikwa na mchwa wakamaliza kitabu, hakuna msajili atakayeturudishia shina.