Huntha, Mukhanathi, Hanithi: Shina Moja, Mambo Matatu

Kiarabu kina shina la herufi tatu, kha, nuni na tha, lenye maana ya kupinda, kulegea na kulainika. Katika shina hilo yalizaliwa maneno mawili ambayo mafakihi wa Kiislamu waliyatenga kwa uangalifu mkubwa. Huntha lilihusu mwili. Mukhanathi lilihusu mwenendo. Jambo la tatu, yaani tendo la kujamiiana la watu wa jinsia moja, lilikuwa na jina lake jingine, liwati, na mlango wake wenyewe katika vitabu vya sheria.

Huntha ni mtu aliyezaliwa na viungo vya kiume na vya kike, au asiye na viungo vya wazi vya upande wowote. Mbele ya mafakihi hakuwa mkosaji, bali suala la kutatuliwa. Al-Marghinani, mwanachuoni wa Kihanafi aliyefariki mwaka 1197, alimtengea mlango mwishoni mwa kitabu chake, Al-Hidaya. Kipimo cha kwanza kilikuwa mkojo: unatokea njia ipi, na ukitokea zote mbili, ipi hutangulia? Balehe ikifika, ndevu, hedhi au matiti viliweza kuondoa shaka. Aliyebaki bila jibu alipangiwa nafasi yake: katika sala alisimama nyuma ya wanaume na mbele ya wanawake. Katika mirathi, Abu Hanifa alimpa fungu lililo dogo kati ya mawili, ilhali Wamaliki na Wahanbali walimpa nusu ya fungu la mwanamume na nusu ya fungu la mwanamke. Walibishana kuhusu kiasi cha fungu. Haki yake ya kurithi haikuwa na ubishi.

Mukhanathi alikuwa mtu mwingine kabisa. Mwili wake haukuwa na shaka. Alikuwa mwanamume ambaye sauti, mwendo na maungo yake vilielekea uke. Madina ya karne ya kwanza ya Hijra ilijua waimbaji wa namna hiyo, na Tuways ndiye aliyevuma zaidi. An-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliwagawa mafungu mawili: aliyeumbwa hivyo, ambaye hana lawama, na anayejifanyiza kwa makusudi, ambaye ndiye aliyelaaniwa.

Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inaeleza kwamba mukhanathi mmoja alikuwa akiingia kwa wakeze Mtume, kwa kuwa alidhaniwa hana haja na wanawake. Siku aliposikika akimsifia mwanamume mwingine umbo la binti mmoja, ruhusa hiyo iliondolewa. Sauti yake siku hiyo ilikuwa ile ile ya jana, na mwendo wake vivyo hivyo. Kilichogeuza hukumu ni kudhihirika kwamba mwenendo wa kike haukuwa ushahidi wa kile ambacho moyo unatamani. Nayo liwati, ambayo mafakihi waliiharimisha kwa ukali, ilihitaji kuthibitishwa yenyewe. Ulaini wa sauti haukuwa ushahidi wake.

Kiswahili hakikurithi mpangilio huo wote. Huntha lilibaki zaidi katika vitabu vya dini na kurasa za kamusi. Lililoenea mitaani ni hanithi, nalo likabebeshwa mizigo mitatu: mwanamume asiye na nguvu za kiume, mwanamume mwenye mwenendo wa kike, na mwanamume anayeingiliwa. Neno shoga nalo, ambalo wanawake wa pwani huitana kwa mapenzi ya urafiki, likapata maana ya pili inayotajwa kwa kunong'ona au kwa matusi.

Mkanganyiko huo uliwafikia hata wataalamu. Mwaka 1977 mwanaanthropolojia wa Norway, Unni Wikan, alichapisha katika jarida la Man makala kuhusu wale walioitwa khanith katika mji wa Sohar, Oman. Aliona kwamba walikaa na wanawake, wakaimba nao arusini na kuvaa kanzu za rangi ambazo wanaume wengine hawakuzivaa. Hata hivyo walibaki na majina ya kiume, na sheria iliwahesabu wanaume. Aliyeoa na kuthibitisha uwezo wake katika ndoa alirudi katika safu ya wanaume. Wikan akahitimisha kwamba Sohar ilikuwa na nafasi ya tatu ya kijinsia.

Mwaka uliofuata Gill Shepherd, aliyefanya utafiti Mombasa, alimjibu katika jarida lilo hilo. Katika maandishi yake ya mwaka 1987 alishikilia kwamba kwa Waswahili wa Mombasa mwili una uzito kuliko mwenendo: shoga hubaki mwanamume, na mahusiano yake hayaeleweki bila kutazama mali na hadhi. Mmoja alianzia katika nafasi ya mtu mbele ya jamii, mwingine katika mwili wake. Jina la khanith au shoga lilifunika yote mawili.

Nyumbani, gharama yake ni kubwa kuliko ya mabishano ya wasomi. Kijana mwenye sauti nyembamba akiitwa hanithi, kwa neno moja amepewa ugonjwa, aibu na mashtaka, bila yeyote kuulizwa ushahidi wa lolote. Mtoto huntha hufichwa kwa hofu ya jina hilo hilo, ingawa mwili aliozaliwa nao hausemi neno lolote kuhusu mwenendo wake wala matamanio yake.

Mwaka 2019 sensa ya Kenya iliwahesabu watu hao kwa mara ya kwanza, ikapata 1,524. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ya nchi hiyo ikamtambua mtoto wa namna hiyo na haki zake. Wapo walioliona jambo hilo kuwa geni, lililoletwa kutoka nje. Lakini swali la mtoto huyo ataandikwaje, atasimama wapi na atarithi nini lilikuwa limekwisha kuulizwa na kujadiliwa katika vitabu ambavyo wanazuoni wa pande zote mbili za bahari wamevisoma kwa karne nyingi.