Kale Katoto Kanalia

Andika ubaoni sentensi hii: "Kale katoto kanalia." Halafu muulize yeyote aliyepita shule ya msingi Tanzania kama ni sahihi. Wengi watacheka kwanza. Kisha watakuambia hapana, hicho siyo Kiswahili sanifu, andika "Kile kitoto kinalia." Na kwenye mtihani wako sawa, ka- itakunyima alama.

Lakini hebu tuitazame vizuri kabla hatujaifuta. Nomino imeanza na ka-, kionyeshi kimeanza na ka-, kitenzi kimeanza na ka-. Hakuna neno lililopotea njia. Hicho ndicho walimu wanachokiita upatanisho wa kisarufi, na ndiyo roho ya kujenga sentensi ya Kiswahili: nomino ikishavaa kiambishi, wenzake wote wanavaa sare. Mtoto anayesema hivyo ameijua kanuni kabla hajaisikia darasani. Nani alimfundisha? Ili kujibu, inabidi tushike njia ya zamani ya misafara, ya Bagamoyo kwenda Tabora na kuendelea hadi Ujiji.

Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, palipo Tabora ya leo, Novemba 1857. Walikuta mji wa biashara wenye wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, na njia zinazogawanyika: moja kwenda Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Mkalimani wao mmoja alikuwa Sidi Mubarak Bombay, aliyewahi kuishi India, na mazungumzo yake na Wazungu hao yalikuwa kwa Kihindustani. Kwa hiyo swali dogo tu, mathalani la bei ya mchele, liliweza kutoka kwa Kihindustani, likaingia Kiswahili, na pengine likamalizikia kwenye Kinyamwezi, kisha jibu likarudi njia ileile. Kiswahili ndicho kilichokaa katikati ya mnyororo.

Waliokibeba kwa wingi hawakuwa wasomi. Walikuwa wapagazi, na Wanyamwezi walisifika kuliko wote kwa kazi hiyo. Waliteremka pwani na pembe za ndovu, wakapanda na vitambaa, shanga na maneno. Njiani kulikuwa na kirangozi aliyetangulia mbele, kulikuwa na posho ya kugawiwa, na kulikuwa na hongo ya kulipa kwa watemi ili msafara upite. (Hongo ilikuwa ushuru wa njia, leo ukiitaja Takukuru wanageuka.) Hakukuwa na ubao wala daftari. Mtu alijifunza sentensi kwa kuihitaji.

Hapa ndipo tunapokosea tunaposimulia habari hii. Tunamwona mpagazi kama mtu aliyeokota maneno ya Kiswahili bila sarufi, akayapanga ovyo. Wapo waliobananga, bila shaka, kama anavyobananga yeyote anayejifunza lugha ukubwani. Lakini Mnyamwezi hakuja mikono mitupu. Kwao mtu ni munhu, watu ni banhu, na sentensi nzima inafuata nomino kama ilivyo kwa Mswahili. Kanuni ngumu kuliko zote alikuwa nayo tangu kwa mama yake. Alichobadilisha ni sare tu. Na katika lugha yake kulikuwa na sare mbili za vitu vidogo ambazo Kiunguja hakina: ka- kwa kimoja, tu- kwa vingi.

Aliyehitaji kufundishwa upatanisho kuanzia sifuri ni Mzungu. Ndiyo maana vitabu vya kwanza vya sarufi viliandikwa kwa ajili yake. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa 1844, alichapisha muhtasari wake wa sarufi mwaka 1850 huko Tübingen, akitegemea Kiswahili cha Mombasa. Edward Steere alifika Unguja 1864, na mwaka 1870 akatoa mwongozo wa Kiswahili kama kinavyosemwa Unguja. Mwaka 1878 kikafuata kitabu chake cha mazoezi. Steere huyohuyo alikusanya pia sarufi na maneno ya Kinyamwezi cha Unyanyembe, yaani cha Tabora. Lugha hizo mbili zilipita mezani kwa mtu mmoja, zikatoka katika vitabu viwili tofauti.

Baadaye serikali za kikoloni zilitaka Kiswahili kimoja cha shule na ofisi. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kusimamia usanifishaji. Mimi sipigi vita uamuzi huo. Bila tahajia moja, mtoto wa Sikonge na mtoto wa Lamu wasingesoma kitabu kimoja, na pengine wewe na mimi tusingekutana hapa. Ila uamuzi huo ulikuwa na bei, na bei hiyo ililipwa na bara. Kiswahili kilichotembea kwa miguu hadi Kongo kikaanza kuhesabiwa kama mrundo wa makosa.

Alama ya bei hiyo inaonekana hata kwenye hesabu. Wataalamu wa lugha za Kibantu wamezipa ngeli namba. Chukua orodha ya Kiswahili sanifu: utahesabu hadi 11, halafu utaruka. Namba 12 na 13 hazina mtu. Hizo ndizo ka- na tu-. Viti vyao vipo, vimeachwa wazi. Lakini toka nje usikilize: katoto, kanyumba, tutoto vinasikika kila siku, na Kiswahili cha Lubumbashi nacho kina ka- na tu- zake.

Niliwahi kukaa nyuma ya darasa la tatu mkoani Tabora, kwa kazi ya uandishi. Watoto waliimba ngeli: A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI. Waliziimba vizuri ajabu. Mwalimu alipoomba sentensi, kimya. Mwisho binti mmoja akasema, "Kale kambuzi kamepotea." Wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alimwambia, "Umepatanisha vyema, mwanangu. Sasa tuivalishe nguo ya shule." Wakaivalisha pamoja: kile kibuzi kimepotea, vile vibuzi vimepotea, yule mbuzi amepotea. Ndani ya dakika chache mikono ilikuwa juu darasa zima.

Tofauti ya walimu wawili iko hapo. Mmoja anafuta sentensi na kumfanya mtoto aamini kwamba lugha anayo mwalimu. Mwingine anachukua sentensi ambayo mtoto ameshaijenga, anabadilisha kiambishi, na kanuni inaonekana yenyewe. Wote wanafika kwenye sanifu, lakini wa pili anafika na mtoto anayethubutu kusema.

Na hili si la watoto tu. Julius Nyerere alikulia kwenye Kizanaki, akajifunza Kiswahili alipoanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka 12 hivi. Mwaka 1937 akaingia shule ya serikali Tabora. Mwaka 1963 ikatoka tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare. Sehemu kubwa ya fasihi tunayoipenda hapa imeandikwa na watu wa aina yake: waliofika kwenye Kiswahili wakiwa tayari na sarufi nyingine mgongoni.

Kwa hiyo mwanao, au mgeni unayemfundisha lugha, akikuletea sentensi yenye sare isiyo ya shule, angalia kwanza kama imeshonwa sawasawa. Kubadilisha rangi ni kazi ya mchana mmoja. Kushona ndiyo kazi, na huenda ameshaimaliza.