Kabla Hujanunua Maski ya Macho, Skiza Historia ya Kitambaa

Wasee wa Ruiru, hebu tuongee kuhusu macho. Pita mtaa wowote hapa saa nane usiku uangalie madirisha yenye mwanga wa skrini. Kuna anayeandika kazi za wanafunzi wa ng'ambo, kuna anayeunda video kama mimi, kuna anayepokea simu za wateja wa nchi ambayo hajawahi kuikanyaga. Asubuhi macho ya wote ni mekundu, yanawasha kama yametiwa mchanga. Halafu mchana kuna mchanga wenyewe, maana malori ya mawe yanatoka Ndarugo kila siku na mijengo haiishi. Si ajabu simu zetu zimejaa matangazo ya maski za kupasha macho joto, eti teknolojia mpya ya macho makavu.

Sitaki kusema joto halifanyi kazi. Linafanya. Ninachobisha ni hiyo "mpya", na ninabisha kwa sababu ukiijua historia yake utajua pia ni macho ya nani yanasaidika na ni ya nani yanacheleweshwa tu.

Kiswahili kina neno lake: kukanda. Unakanda unga, na unakanda mwili. Mama akijifungua, wanawake wa nyumbani wanamkanda kwa maji moto, pwani hadi bara. Mguu ukiteguka, unakandwa. Jicho likiota chokea, shosho anachovya kitambaa kwa maji ya vuguvugu, anakamua, anakuwekea. Hao wanawake hawakuwa na digrii (mimi pia sina, niliacha chuo, kwa hivyo hapa nina upande). Na si sisi peke yetu. Wagiriki na Warumi wa kale walikiita hicho chokea punje ya shayiri, na Wajerumani mpaka leo wanakiita hivyo, Gerstenkorn. Jicho linaloota punje limesumbua watu tangu zamani, na joto la unyevu ni jambo ambalo mtu yeyote mwenye moto na maji angelijaribu.

Kilichochelewa ni kujua kwa nini linasaidia. Mwaka wa 1666 daktari Mjerumani, Heinrich Meibom, alichapisha maelezo ya vijitezi vilivyopangwa ndani ya kope kama mistari ya daftari. Leo vinabeba jina lake. Kope ya juu ina kama 25 hadi 40, ya chini 20 hadi 30, na kila kimoja kinatoa mafuta kwenye ukingo wa kope, karibu kabisa na mahali nywele zinapoota. Ilipita karibu miaka 300 kabla ya Eugene Wolff wa London, mwaka wa 1946, kueleza kwamba chozi si maji matupu. Lina tabaka: ute chini, maji katikati, mafuta juu. Mwaka wa 1961 watafiti wawili, Mishima na Maurice, wakaondoa yale mafuta kwenye macho ya sungura, na maji yakakauka zaidi ya mara kumi kuliko kawaida.

Hapo ndipo kitambaa cha shosho kinapata maelezo. Fikiria mafuta ya kupikia ya kopo, yale ya mgando, asubuhi ya Julai. Ukipindua kopo hayamwagiki. Tezi ikiziba, mafuta ya kope yanakuwa hivyo hivyo, mazito kama dawa ya meno, na yanahitaji joto la juu kidogo kuliko la kawaida ndipo yayeyuke. Unakanda, yanalegea, yanatoka, machozi yanapata kifuniko. Kwa hivyo mtu anaweza kuwa na "macho makavu" huku machozi yanamtiririka barabarani. Maji yapo, kifuniko ndicho hakuna.

Sasa tupande matatu twende Thika.

Thika wengi wanaijua kwa mananasi na viwanda. Lakini mwaka huo huo wa 1946, wakati Wolff anaandika kuhusu tabaka za machozi, Jeshi la Wokovu lilianzisha hapo Thika shule ya wasioona, ya kwanza Afrika Mashariki. Sheria ya kuunda Kenya Society for the Blind ilikuja 1956, na shule ya upili ya wasioona Thika ikafuata 1967. Nimepita pale mara nyingi bila kujiuliza swali rahisi: watoto wale wa miaka ya mwanzo walipofuka kwa nini?

Siwezi kuwasemea mmoja mmoja. Lakini ukiangalia shule za wasioona za Afrika Mashariki kwa miongo hiyo, kovu kwenye konea, kile kioo cha mbele cha jicho, lilikuwa miongoni mwa sababu kubwa kabisa. Na nyuma ya makovu mengi kulikuwa na surua ikikutana na mtoto asiye na vitamini A ya kutosha. Jina la kitaalamu la ugonjwa huo ni zeroftalmia, na tafsiri yake ya moja kwa moja kutoka Kigiriki ni hiyo hiyo tunayolilia usiku: jicho kavu.

Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu maneno ni yale yale na ugonjwa ni mwingine kabisa. Bila vitamini A, ngozi laini inayofunika jicho inashindwa kujitengeneza. Kwanza mtoto haoni giza likiingia, anajikwaa jioni. Kisha weupe wa jicho unapoteza ung'avu, na vinatokea vibaka kama povu la sabuni. Daktari Mfaransa, Pierre Bitot, alivieleza mwaka wa 1863, na bado vinaitwa kwa jina lake. Baadaye konea inalainika, na ikifika hapo inaweza kuharibika kwa siku chache tu. Mtoto kama huyo ungemkanda na kitambaa cha maji moto asubuhi na jioni na bado angepofuka. Alihitaji ini, mayai, mboga za majani, maembe, au kapsuli. Mwaka wa 1986 Alfred Sommer na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wao Indonesia: watoto waliopewa vitamini A walikufa kwa kiwango cha chini kwa karibu theluthi moja. Kumbe jicho lilikuwa linatoa onyo kwa niaba ya mwili mzima.

Ndio maana mathe anapeleka mtoto kliniki kila miezi sita mpaka afike miaka mitano. Ile kapsuli inayokatwa na kukamuliwa mdomoni, ya bluu kwa wa miezi 6 hadi 11, nyekundu kwa waliofika mwaka, ndiyo hiyo. Na tangu 2012 sheria ya Kenya inataka mafuta ya kupikia yaongezwe vitamini A. Hakuna anayepiga video kuhusu hilo. Chanjo ya surua na tone la mafuta vimeokoa macho mengi kuliko kifaa chochote cha betri, lakini huwezi kuvifanyia ofa ya Ijumaa.

Trakoma ni hadithi nyingine ya karibu: Turkana, Narok, Kajiado na kaunti nyingine kame, vijidudu vinavyosambazwa kwa mikono, nguo na nzi vinarudi tena na tena mpaka kope inapata makovu kwa ndani, nywele zinageukia jicho na kulikwaruza. Makovu hayo yanaharibu hata tezi za Meibom. Hapo dawa ni antibiotiki, maji ya kunawa uso, vyoo na upasuaji. Kitambaa kimoja kinachopitishwa watoto watano ni njia ya kuusambaza, tafadhali.

Halafu kuna ukavu unaotokea mwili ukijishambulia wenyewe. Daktari wa macho wa Uswidi, Henrik Sjögren, aliandika tasnifu mwaka wa 1933 kuhusu wanawake 19 wenye macho makavu, wengi wao wakiwa pia na maumivu ya viungo. Tasnifu ile haikupata alama za kumfungulia njia ya kufundisha chuoni. (Nimeisoma hiyo mara mbili, nikatabasamu mara mbili.) Leo ugonjwa una jina lake.

Nauleta kwa sababu ya jirani yangu. Anauza nguo, ana umri wa mathe, na kwa miezi kadhaa alikuwa akijifukiza uso juu ya sufuria ya mwarobaini akiwa amejifunika leso, kwa sababu ya macho. Ile tabia ya 2020, wakati wa korona, watu walipojifunika mablanketi wakavuta mvuke wa tangawizi na ndimu, haijaisha. Mdomo wake pia ulikuwa mkavu, hamezi mkate bila chai, vidole vimevimba asubuhi. Aliambiwa ni vumbi, akauziwa matone, akaambiwa aongeze mvuke. Alipofika kwa daktari wa macho hatimaye, swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa kuhusu viungo. Akatumwa kupimwa damu. Sasa ana dawa za viungo na machozi ya chupa, na joto bado anatumia jioni, likiwa sehemu ndogo ya mpango.

Sisi wa skrini tuko kundi gani? Mara nyingi lile la mafuta, na kuna sababu. Mwaka wa 1993 Wajapani Tsubota na Nakamori walihesabu watu wakipepesa macho: wakiwa wametulia mara 22 kwa dakika, wakisoma kitabu mara 10, mbele ya skrini mara 7. Kupepesa ndiko kunakokamua zile tezi na kupaka mafuta juu ya jicho. Usipopepesa, mafuta yanalala ndani, yanaganda. Kule Marekani, Donald Korb na mwenzake Henriquez waliupa ugonjwa huo wa tezi kuziba jina lake mwaka wa 1980, na Korb akaendelea mpaka mashine ya LipiFlow, inayopasha kope joto kwa ndani na kuzikamua, ikaruhusiwa huko 2011. Kwa hivyo safari yote hiyo, miaka zaidi ya mia tatu, imetupeleka kwenye kukanda kwa gharama kubwa. Sisemi kwa dharau. Kwa mtu aliyeziba sana inasaidia. Lakini anza na beseni.

Namna yenyewe: vitaulo viwili au vitatu safi, vyako peke yako, na maji ya moto kwenye thamosi. Toa lenzi kama unavaa. Jaribu joto kwa ngozi ya ndani ya mkono kwanza. Unatafuta kama nyuzi 40, joto la kuoga vizuri, kwa sababu likipanda kuelekea 45 unaunguza ngozi, na ya kope ni nyembamba mno. Funga macho, weka kitaulo, badilisha kila dakika mbili kwa sababu kinapoa haraka kuliko unavyodhani (hapa ndipo wengi wanaangukia, wanaweka kimoja dakika kumi na nane zake ni baridi). Jumla dakika 5 hadi 10. Kisha kwa kidole safi sugua pole kuelekea kwenye nywele: kope ya juu kwenda chini, ya chini kwenda juu. Mara mbili kwa siku, na usitegemee muujiza kabla ya wiki kadhaa. Uso usiuweke juu ya sufuria inayochemka. Na ndani ya jicho usitie kitu: si majani ya chai, si maziwa, si mwarobaini.

Hilo la kutia linanipa hasira zaidi. Kuna maduka ya dawa yanauza matone yenye steroidi kama peremende. Jicho linatulia siku mbili, unarudi kununua tena, na baada ya miezi unaweza kupata presha ya macho, ile inayokula uwezo wa kuona kutoka pembeni bila maumivu. Uliza kilichomo kwenye chupa. Na kama jicho linauma kweli, linatoa usaha, linaogopa mwanga au linaona ukungu, weka kitaulo kando uende kliniki ya macho siku hiyo hiyo.

Posti ijayo ni kuhusu miwani ya mwanga wa bluu. Najua kuna wenye mtanitusi, mlishalipia.