Kedi si Hamali

Neno kedi, litumikalo katika viwanja vya gofu kwa mtu achukuaye mkoba wa fimbo za mchezaji, asili yake ni neno la Kifaransa cadet, lililopitia Scotland, ambako katika karne ya 18 matarishi na wachukuzi wa mjini Edinburgh waliitwa kwa jina hilo kabla halijahusishwa na gofu peke yake. Huenda msomaji akauliza kwa nini tusiseme hamali, neno letu la kale la bandarini. Walakini hamali huajiriwa kwa nguvu za mabega yake, ilhali kedi, licha ya kubeba fimbo zisizozidi 14, kupangusa udongo ulioganda kwenye chuma na kusawazisha mchanga uliotifuliwa, anayo ruhusa ambayo kanuni haziwapi watazamaji, nayo ni kumshauri mchezaji achague fimbo ipi na aelekeze mpira wapi. Kigari, kiwe cha kuvutwa kwa mkono au cha umeme, huchukua mzigo bila ya kutoa shauri. Basi na tuseme kigari kwa chombo, kedi kwa mtu, na hamali tumwache bandarini kwake.