Kesi ya kuku: msimu Kilimanjaro ilipobaki bila timu

Juni 6 ikikaribia, mabao matano ya Saido Ntibazonkiza huanza tena kuzunguka kwenye simu za Wanasimba. Hapa Same, mtu huyatazama akicheka, mpaka akumbuke kipa anayeokota mipira wavuni ni wa nani. Ni wa kwetu.

Wapare tunataniwa kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili kuendesha kesi ya kuku. Haya, kesi yangu ya kuku ndiyo hii: msimu wa 2022/23, Polisi Tanzania iliposhuka daraja na mkoa mzima wa Kilimanjaro, kuanzia Rombo hadi Same, ukabaki bila timu ya Ligi Kuu.

Polisi ilipanda mwaka 2019 pamoja na Namungo ya Ruangwa. Nyumbani kwake palikuwa Uwanja wa Ushirika, Moshi. Kwa mtu wa Same ni safari ya zaidi ya kilomita 100, lakini Simba au Yanga wakija, nauli ilipatikana.

Julai 2021 basi la timu lilipata ajali Moshi, wachezaji wakitoka mazoezini. Mshambuliaji Gerald Mdamu alivunjika miguu yote miwili. Timu iliendelea kucheza.

Msimu wa kushuka ulianza Agosti 2022 kwa kufungwa na Yanga 2-1, tena jijini Arusha. Benchi lilianza na Mrundi Joslin Bipfubusa, baadaye akaja Mwinyi Zahera aliyewahi kuinoa Yanga. Kubadili mwalimu hakukusaidia kitu.

Ndipo ikafika Juni 6, 2023, Azam Complex, Chamazi. Zilibaki siku chache ligi ifungwe, na nchi nzima ilikuwa na hesabu moja tu kichwani: kiatu cha ufungaji bora. Fiston Mayele wa Yanga alikuwa mbele. Saido, aliyeuanza msimu akiwa Geita Gold kabla ya kuhamia Simba, alikuwa nyuma yake kwa mbali. Simba ikashinda 6-1, na kati ya mabao hayo sita, matano yalikuwa ya Saido. Siku tatu baadaye akaongeza mawili dhidi ya Coastal Union, akamfikia Mayele, kila mmoja akiwa na mabao 17.

Hapo vijiwe vikawaka moto. Wanasimba walisema mwenye kufunga matano kwa dakika 90 hana mpinzani. Wananchi, yaani mashabiki wa Yanga, wakajibu kwamba Mayele alifunga msimu mzima, hakusubiri kuhurumiwa mwishoni. Walibishana kuhusu pasi, penalti, hata kuhusu nani mzee. Katika kelele zote hizo hakuna aliyeuliza habari za timu iliyopigwa sita. Kwao Polisi ilikuwa ngazi tu: mtu akishapanda, haangalii nyuma.

Msimamo wa ligi ndio unaokumbuka. Kati ya timu 16, Polisi ilimaliza ya 15, juu ya Ruvu Shooting, na zote mbili zikashuka moja kwa moja. Mbeya City ikazifuata baada ya kushindwa na Mashujaa ya Kigoma kwenye mchujo. JKT Tanzania na Kitayosce zikapanda. Polisi ikaenda Championship, na tangu hapo magazeti yameiandika kwa mistari miwili mitatu.

Mimi nalaumu mkoa. Tuna mlima unaojulikana dunia nzima, tuna kahawa, tuna tangawizi ya Mamba Miamba, na matajiri wetu wamejaa Dar es Salaam na Arusha. Lakini timu tuliwaachia askari, na iliposhuka tukajifanya ilikuwa ya askari peke yao.

Wakati wa Mwingereza, wilaya ya Pare ilikuwa ndani ya Jimbo la Tanga. Baada ya Uhuru tukaungana na Wachaga kuwa mkoa mmoja. Polisi iliposhuka, mtu wa Same aliyetaka kuiona Ligi Kuu kwa macho yake bila kwenda Dar alilazimika kuteremka Tanga, Uwanja wa Mkwakwani, kwa Coastal Union. Kwa upande wa soka, tumerudishwa Jimbo la Tanga, na hakuna hata Mpare mmoja aliyekata rufaa.